Kupima asbestosi ya kazini kupitia tishu ya pafu: mwongozo kwa mfanyakazi wa zamani na familia yake

Kampuni ilishafungwa, makaratasi hayaonekani, wenzako mliokuwa zamu moja wengi wameshazikwa, na sasa unaumwa kifua unatakiwa uthibitishe kwamba ulivuta vumbi la asbestosi, yale madini ya nyuzinyuzi, miaka thelathini iliyopita. Watu wanauliza, si wachukue tu kipande cha pafu wahesabu hizo nyuzi tujue moja? Inawezekana, na kikifanywa vizuri ni kipimo cha maana sana, ila kina tabia moja uishike kabla hujaendelea kusoma: kikisema ndio, amini, kikisema hapana, usikimbilie kuamini. Sababu nitaieleza huko chini, na kwa maoni yangu hiyo ndo sehemu inayokosewa zaidi, hata na mawakili.

Kwanza, je unakihitaji?

Hakuna daktari mwenye akili zake atakayempasua mtu kifua eti ahesabu nyuzi kwa ajili ya kesi ya fidia. Tishu inatumika pale ambapo imeshatolewa kwa sababu nyingine: mtu kafanyiwa upasuaji wa kansa ya pafu wakakata sehemu, au kafanyiwa biopsi ya upasuaji (kukatwa kipande cha pafu kwa uchunguzi) kwasababu mapafu yana makovu yasiyoeleweka, au ameshafariki na kuna uchunguzi wa mwili.

Kama ugonjwa ni mesothelioma, yaani ile kansa ya utando unaozunguka pafu, na historia ya kazi inajieleza, mara nyingi huhitaji kuhesabu chochote. Wataalam waliokutana Helsinki mwaka 1997 wakaweka vigezo ambavyo vinatumika mpaka leo (vilipitiwa tena 2014), na kwa mesothelioma walisema hata mguso mfupi au mdogo wa kazini unatosha kuuhusisha ugonjwa na kazi, mradi iwe imepita angalau miaka 10 tangu mtu akutane na asbestosi mara ya kwanza. Kwahiyo familia inayohangaika kutafuta kipande cha pafu wakati mzee alifunga mabomba ya boila kwa asbestosi miaka kumi na tano, na yupo shahidi wa hilo, inajichosha bure.

Kipimo kinasaidia hasa kwenye mambo matatu. Kansa ya pafu kwa mtu ambaye pia alikuwa anavuta sigara na kila mtu anataka kuisingizia sigara peke yake. Makovu ya mapafu ambayo daktari hana uhakika kama yameletwa na asbestosi au kitu kingine. Na mesothelioma ya mtu ambaye kwa kweli hakumbuki aliikuta wapi.

Hatua ya 1: andika historia ya kazi kabla ya kugusa tishu

Najua unataka turuke twende maabara. Hapana. Historia ya kazi ndo ushahidi wa kwanza, tishu ni wa kuongezea, na maabara yenyewe ikiwa makini itakuomba hiyo historia.

Usiandike "nilifanya kazi bandarini 1974 mpaka 1989" ukaishia hapo, hiyo haimsaidii mtu. Andika ulikuwa unafanya nini kwa mikono yako. Ulikata mabamba ya simenti ya asbestosi kwa msumeno wa umeme au kwa mkono? Ulichanganya ile poda na maji kwenye ndoo ukapaka kwenye bomba? Nani alifagia mwisho wa zamu, na alifagia pakavu? Ulipuliza breki za magari kwa upepo wa kompresa? Ulikaa chumba cha injini wakati wengine wanabomoa mfuniko wa mabomba hata kama wewe ulikuwa fundi umeme tu? Hili la mwisho watu wanalisahau kabisa, ukikaa jirani ya vumbi umelivuta vilevile. Na mke au mtoto aliyekuwa anakung'uta ovaroli nyumbani naye aandikwe, kwasababu wapo waliougua kwa njia hiyo.

Alafu weka makadirio. Wataalam wanatumia kipimo cha nyuzi kwa mililita ya hewa mara miaka ya kazi. Kama hewa ilikuwa na nyuzi 5 kwa mililita na ulikaa hapo miaka 5, hiyo ni 25, na 25 ndo kiwango ambacho vigezo vya Helsinki vinasema hatari ya kansa ya pafu inakuwa imefika kama mara mbili. Najua hakuna mtu aliyekuwa anapima hewa enzi hizo, ndo maana wakaweka na lugha ya kawaida: mwaka 1 wa vumbi zito (kutengeneza bidhaa za asbestosi, kupuliza asbestosi, kufunga na kufungua insuleshen, ile mifuniko ya kuzuia joto, kubomoa majengo ya zamani) au miaka 5 mpaka 10 ya vumbi la wastani (ujenzi, kuunda meli) unaweza kukufikisha hapo.

Hatua ya 2: tafuta tishu ilipo, haraka

Kama kulikuwa na upasuaji, maabara ya patholojia (inayochunguza tishu) ya hospitali huwa inabaki na vitu viwili: vipande vilivyozamishwa kwenye bloku ndogo za nta, na kwa muda fulani tu sehemu iliyobaki ikiwa kwenye fomalini, yaani dawa ya kuhifadhia tishu. Ile ya kwenye fomalini ndo bora kwa kuhesabu, na ndo inayotupwa mapema. Kwahiyo andika barua leo, sio baada ya kesi kufunguliwa, uombe kwa maandishi isitupwe, taja jina la mgonjwa, namba ya faili na tarehe ya upasuaji. Imetupwa tayari? Bloku za nta zinaweza kutumika, wanaziyeyusha nta kwa kemikali, ila uzito wa tishu unabadilika kwenye huo mchakato na maabara inabidi ifanye marekebisho kwenye hesabu. Uliza kama wamefanya.

Vijipande vinavyochukuliwa kwa mrija kupitia mdomoni ni vidogo mno kwa kazi hii. Kinaweza kutosha kuona kansa, hakitoshi kuhesabu nyuzi. Ila kuna njia nyingine ya mrija kwa mtu aliye hai, wanaingiza maji ya chumvi sehemu ya pafu wanayavuta tena, alafu wanahesabu kilichomo. Sio tishu, lakini inasaidia, kiwango chake nitakitaja.

Kwa marehemu, na naomba radhi kulisema hivi, uamuzi unatakiwa ufanyike kabla ya mazishi. Pafu likishazikwa au kuchomwa ndo basi. Anayetakiwa kutoa ridhaa kisheria inategemea nchi, kwahiyo muulize daktari au ofisi inayoshughulikia vifo siku hiyohiyo, na waambie wazi kwamba mnataka tishu ihifadhiwe kwa ajili ya kuhesabu asbestosi, sio tu kujua chanzo cha kifo. Hivyo ni vitu viwili tofauti na mtu asipoambiwa atafanya kimoja tu.

Hatua ya 3: namna ya kuchukua vipande

Hii ni kazi ya mwanapatholojia, wewe kazi yako ni kujua cha kuuliza. Nyuzi hazijatawanyika sawasawa ndani ya pafu, kipande kimoja kinaweza kuwa na nyingi mara kadhaa kuliko kipande cha sentimita chache pembeni. Ndio maana kwa marehemu wanachukua sehemu zaidi ya moja, kwa mfano (lobu ni zile sehemu kubwa za pafu) kilele cha lobu ya juu, kilele cha lobu ya chini na kitako cha lobu ya chini, kila kipande kama gramu moja hivi au zaidi, kutoka maeneo ya pembeni ya pafu.

Wasichukue uvimbe wenyewe. Uvimbe umeota juzijuzi tu ukilinganisha na nyuzi zilizoingia miaka arobaini nyuma, ukipima humo utapata namba ya chini inayodanganya. Vilevile wakwepe sehemu yenye nimonia kali au iliyojaa maji, kwasababu uzito unakuwa wa uongo. Na wasichukue utando wa nje badala ya pafu.

Vipande viwekwe kwenye fomalini iliyochujwa, chombo kisafi, kila kimoja na lebo yake ya sehemu kilipotoka. Wabaki pia na vipande vya slaidi za kawaida. Na kila anayekipokea chombo asaini jina, tarehe na saa, maana mbele ya safari kuna mtu atauliza kilikaa wapi.

Hatua ya 4: chagua maabara

Sio kila maabara ya hospitali inaweza. Maabara zenye uzoefu wa hii kitu duniani ni chache, kwahiyo kuna uwezekano tishu ikasafirishwa nchi nyingine. Kabla hamjatuma, waulizeni hivi:

Mnatumia hadubini gani? Ya kawaida ya mwanga inaona vijiti (nyuzi ambazo mwili umezifunika kwa chuma, nitavieleza hatua ya 5) na nyuzi nene, lakini haioni nyuzi nyembamba, na nyingi ni nyembamba. Hadubini ya elektroni ndo inaziona, na ikiwa na kifaa cha kusoma elementi kwa eksirei inakuambia na aina.

Mna namba zenu za kulinganisha? Hili ndo swali kubwa kuliko yote. Maabara mbili zikipewa tishu ileile zinaweza kutoa namba zinazopishana sana kwasababu ya njia zao, kwahiyo namba ya maabara A huwezi kuilinganisha na watu waliopimwa na maabara B. Wanatakiwa wawe na kundi lao la watu ambao hawakufanya kazi na asbestosi, waliopimwa hapohapo kwa njia ileile. Wakikwambia hawana, tafuta wengine.

Mnapima sampuli tupu? Yaani wanapitisha kemikali na filta bila tishu yoyote, kuona kama kuna nyuzi zinazoingia kutoka kwenye maabara yenyewe.

Hatua ya 5: kinachofanyika huko ndani

Kwanza mwanapatholojia anaangalia slaidi ya kawaida iliyopakwa rangi inayofanya chuma kionekane bluu. Hapo anatafuta vijiti vya asbestosi. Mwili ukishindwa kuutoa uzi mrefu unaufunika kwa protini yenye chuma, na ukiuangalia kabla ya rangi unauona wa dhahabu iliyoelekea kahawia, umevimba kwenye ncha mbili, kati umekatika katika kama ushanga uliotungwa kwenye sindano, na katikati kabisa unaona kiini chembamba, kimenyooka, kinapitisha mwanga. Kiini kikiwa cheusi au kipana hicho sio asbestosi, chembe za makaa, talki na vinginevyo navyo hufunikwa na chuma hivyohivyo. Kukiwa na makovu yaliyosambaa kwenye pafu, pamoja na vijiti 2 au zaidi kwenye eneo la sentimita ya mraba 1 ya slaidi, daktari anaweza kusema makovu hayo yameletwa na asbestosi.

Baadae ndo kuhesabu kwenyewe. Kipande kinapimwa uzito, nyama inayeyushwa kwa sodiamu haipokloraiti (ndo hiyohiyo iliyomo kwenye maji ya kung'arishia nguo nyeupe) au potasiamu haidroksaidi, au inaunguzwa taratibu kwa joto dogo kwenye mashine ya plazma. Nyama inaisha, madini yanabaki. Kimiminika kinapitishwa kwenye filta yenye vitundu vidogo sana, filta inawekwa kwenye hadubini, mtu anakaa anahesabu uwanja baada ya uwanja. Ili kihesabiwe kuwa uzi lazima urefu uwe angalau mara 3 ya upana. Ni kazi ya kuchosha macho, ndo maana majibu hayaji kesho.

Kila uzi wanausoma elementi zake. Silikoni, chuma na sodiamu ni krosidolaiti, ile ya bluu. Silikoni, chuma na magnesi bila sodiamu ni amosaiti, ya kahawia. Magnesi na silikoni kwenye uzi laini uliojikunja ni krisotaili, nyeupe. Kalsiamu ikiingia ni tremolaiti au aktinolaiti. Hii sio mapambo, aina inaweza kukuonyesha chanzo: amosaiti kwa mfano ilichimbwa karibu yote Afrika Kusini ikauzwa dunia nzima kwa ajili ya insuleshen, na anthofilaiti, aina nyingine ya asbestosi, ikionekana kwa wingi watu wanafikiria Finland, ambako mgodi wa Paakkila ulifanya kazi mpaka 1975.

Hatua ya 6: soma ripoti bila kudanganyika

Angalia yuniti kabla ya namba. Kwa gramu ya tishu kavu au mbichi? Tofauti ni kama mara kumi. Nyuzi zote kuanzia maikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita) au zile ndefu zaidi ya 5? Vijiti au nyuzi? Ripoti isiyosema hivyo irudishe.

Vigezo vya Helsinki kwa kuonyesha kuna uwezekano mkubwa mtu alikutana na asbestosi kazini ni hivi, na kimoja kinatosha:

- nyuzi za amfiboli (bluu, kahawia na ndugu zao) ndefu zaidi ya maikromita 5, kuzidi laki 1 kwa gramu kavu
- nyuzi za amfiboli ndefu zaidi ya maikromita 1, kuzidi milioni 1 kwa gramu kavu
- vijiti kuzidi 1,000 kwa gramu kavu, ambayo ni 100 kwa gramu mbichi
- kijiti zaidi ya 1 kwa mililita ya yale maji ya kuosha pafu

Kwa kansa ya pafu, kiwango cha kusema hatari imekuwa kama mara mbili kiko juu zaidi: milioni 2 za ndefu kuliko 5, au milioni 5 za ndefu kuliko 1. Watu wanachanganya hizi orodha mbili. Ya kwanza inasema ulikutana nayo kazini, ya pili inasema ilikuwa nyingi kiasi cha kutosha kuibebesha kansa.

Na usishtuke kuona kwamba hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga kiwandani ana nyuzi kidogo, zipo hewani mijini, karibu kila mtu mzima anazo. Ndo maana ya lile kundi la kulinganisha.

Hesabu yenyewe ifanye mwenyewe uone inavyokwenda. Tuseme waliyeyusha gramu 0.05 kavu, nusu ya kimiminika ikapita kwenye filta, wakaangalia sehemu 1 kati ya 500 ya filta, wakaona nyuzi 12 ndefu. 12 mara 500 mara 2 gawa kwa 0.05, unapata 240,000 kwa gramu. Imezidi laki 1. Sasa tuseme hawakuona hata mmoja. Ripoti itaandika "hakuna", lakini kwa kuhesabu hivyo uzi mmoja tu unasimama badala ya 20,000, na kitakwimu sifuri inaweza kuficha mpaka 3, kwahiyo ukweli ni "chini ya 60,000 hivi", sio sifuri. Waambie waandike kiwango cha chini wanachoweza kuona. Maabara nzuri inaandika bila kuombwa.

Hatua ya 7: namba ikija ndogo

Hapa sasa. Krisotaili ndo asbestosi iliyotumika kwa wingi kuliko zote duniani, na ndo ambayo pafu linaimudu kuivunja. Nyuzi zake zinapasuka kwenda kwenye vijiuzi vyembamba zaidi, magnesi inayeyuka, zinatoka au zinamalizika ndani ya miezi au miaka michache, wakati za amfiboli zinakaa miongo. Pia haitengenezi vijiti kirahisi. Kwahiyo fundi wa breki aliyevuta krisotaili miaka ishirini akaacha kazi 1985, ukifungua pafu lake leo unaweza kukuta karibu na hakuna, na madhara yalishafanyika zamani. Vigezo vyenyewe vya Helsinki vinasema kwa krisotaili historia ya kazi ni kipimo bora kuliko kuhesabu nyuzi. Mtu akija na ripoti ya "chini ya kiwango" akasema huyu hakuwahi kugusa asbestosi, muulize ilikuwa aina gani na aliacha lini.

Angalia pia mstari wa tremolaiti. Madini ya krisotaili mara nyingi yanachimbwa yakiwa na tremolaiti kidogo ndani yake, na hiyo haiondoki, kwahiyo inaweza kubaki kama alama ya krisotaili ambayo yenyewe ilishapotea. Talki nayo inaweza kuileta, ndo maana usome pamoja na historia ya hatua ya 1.

Sababu nyingine za namba ndogo ni za kawaida tu: kipande kimoja badala ya vitatu, kilichukuliwa kwenye uvimbe, hadubini ya mwanga peke yake, bloku ya nta isiyofanyiwa marekebisho. Na kwa mesothelioma hata mzigo mdogo unaweza kuhusika, hivyo namba ya chini haifuti kesi.

Kitu kingine ambacho hii namba haiwezi kukupa, kubwa au ndogo, ni jina la mwajiri. Pafu halijui nyuzi hizi ziliingia 1971 kwa huyu au 1983 kwa yule, linajumlisha zote. Ukiwa na waajiri wanne, kugawana lawama kunarudi kwenye historia na mashahidi.

Ukishapata ripoti, omba maabara wahifadhi tishu iliyobaki na filta zilizohesabiwa, muwe na barua yao inayosema watazitunza mpaka lini. Upande wa pili ukitaka maabara nyingine ihesabu upya, na wakiona namba kubwa watataka, kiwepo cha kuhesabu.